Mpime Akitoka Kazini

Punda wa mkokoteni hapimwi akiwa amefungwa mtini sokoni, ameshiba na kusuguliwa manyoya. Msubiri mjini Kitale anaposhushwa magunia ya mahindi ya kilo 90.

Pua zimepanuka, ubavu unapanda na kushuka. Hilo si kosa: ametoka kazini, na mji wenyewe uko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Cha kutazama ni jinsi anavyorudi katika hali yake. Pitisha vidole upande wa ndani wa taya la chini hadi uguse mshipa wa damu unaoteleza kama kamba nyembamba. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Punda mzima aliyetulia hupiga kati ya 36 na 52 kwa dakika. Hesabu tena baada ya robo saa; yasiposhuka sana, moyo huo haukuzoea kazi au kuna ugonjwa. Katika mbio ndefu za farasi zinazopendwa Falme za Kiarabu, farasi haruhusiwi kuendelea hadi mapigo yashuke kufikia 64 ndani ya muda uliowekwa. Muuzaji akikataa usubiri robo saa, mwache na punda wake.

Shingo nene yenye mafuta huwavutia wanunuzi wengi. Mimi huikwepa. Punda mnene akikosa kula siku chache, mwili hufungulia mafuta kwenye damu hadi ini likalemewa, na wengi hufa hivyo. Mbavu zisionekane ukiwa mbali, ila ukipapasa uzipate bila kutafuta.

Uliza pia analishwa nini. Punda anayetembea huchoma zaidi mafuta, pamoja na asidi zinazotokana na majani yanayochachuka kwenye utumbo mpana. Ndiyo maana majani makavu ya kutafuna kutwa humfaa kuliko debe la mahindi kwa mkupuo, ambalo huweza kumharibu kwato.

Bungoma, kwenye maksai wa kulima, hesabu hubadilika. Ng'ombe hucheua, kwa hiyo anahitaji saa za kulala chini na kutafuna upya. Mlimaji anayejua kazi hufunga nira alfajiri na kuifungua jua halijawa kali. Maksai wa kilo 400 huvuta kwa raha nguvu ya kilo 40 hivi, moja ya kumi ya uzito wake. Simama mbele ya jozi inapolima: nira ikilala upande kila mara, mmoja anaburuta mwenzake. Mdomo ukiachama na ulimi kutoka, joto limemshinda.

Mwisho, kunja ukope wa chini wa jicho la mnyama. Utando wa ndani uwe na wekundu mwepesi. Ukiwa mweupe, damu imepungua, kwa ugonjwa wa kupe au minyoo, na oksijeni haiwezi kufika kwenye misuli hata mapafu yakiwa mazima. Mtibu kwanza, ndipo umfunge nira.