Mstari Mwekundu na Upatanisho wa Kisarufi: Uhakiki wa Programu za Kupanga na Kuhariri Miswada ya Kiswahili

Kwa upande wa kupanga mswada, programu zilizopo hazina upungufu mkubwa. Scrivener, iliyotolewa mwaka 2007, humwezesha mwandishi kuugawa mswada katika vipande na kuvihamisha kama kadi zilizobandikwa ubaoni. Sura ni sura katika lugha yoyote. Zotero, iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006, huhifadhi marejeleo vizuri, ila hutarajia kila mtunzi awe na jina la ukoo. Mwana Kupona binti Msham hana jina la namna hiyo. Akiingizwa katika sehemu mbili za kawaida, utenzi wa binti huorodheshwa kwa jina la baba. Tiba ipo, kwani jina laweza kuingizwa zima katika sehemu moja, lakini sharti mtumiaji ajue kuichagua.

Tatizo zito limo katika kuhariri. Kikagua tahajia kinachotegemea orodha ya maneno hupima neno mojamoja, ilhali kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli kwa pamoja. “Wasingalitutambulisha” ni neno sahihi. Likikosekana katika orodha hupigiwa mstari mwekundu, na mwandishi asiyejiamini hulivunja. Kinyume chake, “vitabu hizi zilipotea” hupita salama, kwa kuwa kila neno lipo. Kosa limo baina ya maneno, mahali ambapo chombo hakitazami. Amri ya kutafuta na kubadili huongeza madhara: mhariri akigeuza “mtafiti” kuwa “watafiti” katika mswada mzima, huachiwa “watafiti alieleza” kila ukurasa.

Mzungumzaji aliyelelewa katika Kiswahili huligundua kosa hilo kwa sikio. Wanaoumia ni wale wanaokiandika kama lugha ya pili. Katika Kiganda na Kinyarwanda, sauti l na r hazitofautishi maana. Mwandishi wa Kampala au Kigali huweza kuandika “wananchi walikwenda kula” akikusudia kupiga kura, au “mahari” akikusudia “mahali”. Maneno yote manne ni sahihi, na programu hunyamaza. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, hivyo suala hili si la wanafunzi wa tasnifu pekee. Linahusu nyaraka za serikali.

Haifai kusema kwamba teknolojia haijafikia hapo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta katika miaka ya 1980, na mfumo wake wa SALAMA hutambua mizizi, viambishi na ngeli. Jitihada za kikanda zilielekea kwingine. Jambo OpenOffice, iliyotayarishwa kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, iliwapa watumiaji menyu za Kiswahili. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini menyu ya Kiswahili haihariri sentensi ya Kiswahili.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo inayostahili kuweka kigezo. Kabla ya wizara yoyote kununua programu ya kuhariri, programu hiyo ipewe “vitabu hizi” na “walikwenda kula”, ionekane itafanya nini.