Kutoka Ushuhuda hadi Ngano: Ture na Utunzi wa Nyimbo za Juba

Katika nyimbo za kisasa za Sudan Kusini, Emmanuel Jal ni mfano bora wa utunzi wa ushuhuda. Albamu yake Gua (2005) ilichanganya Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kidinka na Kinuer; katika Warchild (2008), nafsineni ni mtoto askari, yaani msanii mwenyewe. Nguvu ya utunzi huu ni ukweli wa aliyeyaona. Udhaifu wake ni kwamba nafsineni haina pa kujificha: anayewasema wakubwa hutambulika kwa jina lake. Makala haya yanadai kwamba ngano za watoto zinampa mtunzi wa Juba njia nyingine.

Ture, mhusika mkuu wa ngano za Wazande zilizohaririwa na Evans-Pritchard katika The Zande Trickster (1967), ni mlafi, mwongo na mwizi. Hata hivyo, ndiye aliyewafikishia watu moto, baada ya vazi lake la magome kushika moto kwa wahunzi. Ngano zake nyingi hubeba wimbo mfupi ambao fanani huuanzisha na hadhira huuitikia. Kwa hiyo, mtunzi wa leo halazimiki kuigeuza ngano kuwa wimbo. Wimbo tayari umo ndani yake.

Hata hivyo, kumfanya Ture kuwa jina la fumbo la kiongozi fisadi tu ni kumpunguza. Sungura wa ngano za Waswahili aghalabu hushinda, na msikilizaji huwa upande wake. Ture hushinda leo na kuumbuka kesho. Watoto humcheka huku wakiujua ulafi wake kuwa ni wao pia. Anayeitikia kiitikio chake huhukumu na kuhukumiwa papo hapo. Katika mji ambamo lawama huelekezwa upesi kwa kabila la jirani, kejeli inayoanza na nafsi ina thamani ya pekee.

Athari kwa sera ni bayana. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili kinahitaji vitabu vya kufundishia huko. Vitabu vitakavyomleta Sungura peke yake vitakifanya Kiswahili kiwe mgeni asiyewajua wenyeji. Ture aingizwe, na kiitikio chake kibaki katika Kizande, simulizi ikiwa ya Kiswahili. Tafsiri itakayobakiza funzo na kuacha wimbo itakuwa imewanyima watunzi wa kesho kile hasa wanachokihitaji.