F5 inanakili, F6 inahamisha: kwa nini nimeiacha File Explorer

Umerudi kutoka Rudewa, Kilosa, na mahojiano ya wakulima yako kwenye laptop. Kabla ya kuanza kukata sauti, unaburuta folda ya rekodi kwenda folda nyingine ili uwe na nakala. Je, umenakili au umehamisha?

Inategemea. Kwenye File Explorer ya Windows, ukiburuta kwenda kwenye flashi, faili zinanakiliwa. Ukiburuta ndani ya diski ileile, zinahama. Kitendo kimoja, matokeo mawili. Unakata "nakala", kumbe ndiyo rekodi yenyewe, na mzee uliyemhoji shambani hawezi kurudia maneno yaleyale. Ndiyo, ukishikilia Ctrl inanakili popote, lakini nani anakumbuka hilo saa sita usiku?

Double Commander, programu ya bure, inafuata mtindo wa Norton Commander ya mwaka 1986: pande mbili, unaona unakotoa na unakopeleka kwa pamoja. F5 inanakili, F6 inahamisha, diski yoyote ile. File Explorer iliongeza vichupo mwaka 2022, ni hatua nzuri, ila kichupo kimoja kinafunika kingine.

Kasoro zipo. Sura yake ni ya kizamani, vitufe ni vingi mno, na kwenye laptop nyingi lazima ushikilie Fn kwanza. Mimi nazivumilia.

Kabla hujapanda tena gari la Kilosa, ijaribu kwa faili zisizo na thamani. Vidole vikishazoea, mpe rekodi zako.