Kuivika Taa Nguo

Watu wa Lubumbashi hupamba sebule zao kwa bidii ambayo mgeni huiona mara tu anapokaribishwa kiti. Viti vina vitambaa vya kroshia mgongoni na mikononi. Meza ya katikati ina kitambaa chake, na televisheni pia. Ukutani, hasa katika miaka ya 1970, familia ya kawaida ilitundika mchoro wa ukumbusho ulionunuliwa kwa mchoraji wa mtaani, mmoja wa kizazi cha Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia ya nchi nzima, picha baada ya picha. Kisha inua macho darini. Balbu imening'inia uchi kwenye waya wake. Mapambo yetu yanakomea hapo, na mimi nasema yangeanzia hapo, kwa kuwa mchoro, kroshia na nyuso za wageni vyote huonekana kwa hisani ya taa hiyo moja.

Kazi ninayotaka kuisifu ni ya kushona kivuli cha taa cha kitambaa, abajuru kama tunavyosema huku, na hasa kile cha mtindo wa enzi ya Malkia Victoria: umbo la kengele au la ua lililofunguka, mbavu za waya zilizopinda, hariri iliyovutwa kati ya ubavu na ubavu, na chini matamvua marefu, mara nyingine yenye ushanga. Hushonwa nyumbani, kwa mkono, na mtu mmoja.

Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Katika muda huo nyumba nyingi za huko zilitoka kwenye mshumaa zikaingia kwenye taa ya mafuta na gesi, na chache za mwishoni zikapata umeme. Balbu za Joseph Swan huko Uingereza na za Thomas Edison huko Marekani zilipoanza kuwaka, kuelekea 1880, zilileta mwanga ambao jicho halikuuzoea: mkali, usiotikisika, usiojua kufifia. Kitambaa kililetwa kuutuliza. Mji wetu ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, miaka 9 baada ya malkia huyo kufa, mwaka uleule reli iliyotoka kusini ilipofika. Reli hiyo ilipitia makoloni ya Waingereza, na katika miaka ile ya kwanza Kiingereza kilisikika sana katika mitaa ya wazungu. Umeme wa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ulianza kuzalishwa 1930, kwanza kabisa kwa ajili ya mitambo ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Sebule za Waafrika zilisubiri sana.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Inaanza na waya. Fremu ina pete ndogo juu, pete kubwa chini, na mbavu zinazoziunganisha. Mtu asiyeijua kazi hii hutaka kukimbilia kitambaa. Mwenye kuijua huchukua utepe mwembamba wa pamba, mara mbili ya urefu wa ubavu, akauzungusha kwenye waya kwa mshazari, kila mzunguko ukiukanyaga kidogo ule uliotangulia, akiuvuta kwa nguvu moja tangu juu hadi chini, na kumalizia kwa fundo. Kisha ubavu wa pili. Kisha wa tatu. Halafu pete. Akimaliza, huubana utepe kwa vidole viwili na kujaribu kuuzungusha. Ukicheza, anaufungua wote na kuanza upya.

Hakuna mgeni atakayeuona utepe huo. Utafunikwa na hariri kwa nje na bitana kwa ndani, na kivuli kikidumu miaka mingi, ni yule tu atakayekifumua siku moja ndiye atakayejua kama uliviringwa vizuri au vibaya. Lakini sindano haiwezi kushona kwenye chuma kitupu. Kila mshono wa kivuli hiki umeshikwa na utepe, na utepe ukiteleza hata unywele mmoja, kitambaa kinalegea, mkunjo unajitokeza, na hakuna tamvua la bei yoyote litakaloficha hilo. Kazi zote ninazoziheshimu zina sehemu kama hii, isiyoonekana na isiyosamehe.

Kitambaa hukatwa hanamu, ili kiweze kunyooka na kuufuata mpindo wa waya. Hushonwa paneli moja moja, kwa kuwa kila nafasi kati ya mbavu ina mpindo wake. Unakipiga pini juu na chini kwanza, halafu pembeni, unarudi kuzivuta zilezile pini kidogo kidogo mpaka kitambaa kikiguswa kiwe kimekaza pasipo kunung'unika. Hapo ndipo uzi maradufu unapita kwenye ubavu kwa mishono mifupi iliyobanana. Ukimaliza unakata kilichozidi, karibu kabisa na mshono, kwa mkasi mkali. Bitana huingia ndani mwishoni, ikayafunika mafundo na kuurudisha mwanga chumbani. Mshipi wa mapambo hupita juu ya kila mshono wa nje. Matamvua ni ya mwisho, na ndiyo furaha ya kazi.

Uchaguzi wa rangi una siri yake. Kitambaa kinachopendeza mchana kinaweza kufa kabisa taa ikiwashwa nyuma yake. Nilichojifunza ni kwenda sokoni, kuomba ruhusa ya muuzaji, na kuwasha tochi ya simu nyuma ya nguo kabla ya kutaja bei. Buluu nzito huwa nyeusi. Njano, chungwa na nyekundu ya matofali huamka. Kitenge cha waksi kina heri ya pekee hapa, kwa kuwa rangi yake imezama pande zote mbili, na ua lake halipauki likimulikwa. Ila ni kizito kuliko hariri, basi kitumike kwenye fremu yenye mbavu zilizonyooka, na shifoni au satini iachiwe zile zilizopinda. Bitana nyeupe hutoa mwanga safi wenye ubaridi kidogo. Bitana ya rangi ya krimu, au ya waridi hafifu, huwapa watu wote chumbani sura ya afya.

Waya nao si mgeni kwetu. Kabla ya reli na kabla ya Union Minière kuundwa 1906, mafundi wa Kiyeke huko Bunkeya, katika ufalme wa Msiri, walijua kuivuta shaba mpaka ikawa uzi mwembamba, wakausokota kuwa bangili. Shaba ni laini mno kubeba kivuli kikubwa, hivyo fremu iwe ya chuma, ipakwe rangi ili mvua za Novemba hadi Aprili zisiilete kutu kwenye hariri. Lakini uzi wa shaba uliopitishwa pamoja na ushanga kwenye pindo la chini, hilo lingekuwa pambo la Katanga kwelikweli. Natamani kuliona likifanywa na wengi.

Na mikono ipo. Union Minière ilipoamua, mwishoni mwa miaka ya 1920, kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, wanawake walikuja kufundishwa kushona, kufuma na kupamba nyumba katika vile vituo vilivyoitwa foye sosyali. Nia ya kampuni haikuwa kuwafanya wasanii. Ilitaka mke atakayemtunza mfanyakazi ili arudi kazini kesho yake. Lakini ujuzi ukishaingia mkononi hauulizi tena uliletwa kwa nia gani. Kampuni ya taifa, iliyokuja kuitwa Gécamines, iliyarithi makambi 1967, na kroshia za sebule zetu ni uzao wa masomo hayo, kutoka kwa mama hadi kwa binti. Mama yangu mkubwa, aliyefundishwa huko, alipoletewa kazi ya kutarizi aliigeuza kwanza. Alisoma upande wa nyuma, mafundo na nyuzi zilizovuka, ndipo akatazama ua. Mtu aliyelelewa hivyo anaweza kuviringa utepe kwenye waya.

Atauliza mtu: kivuli cha taa cha nini, na umeme wenyewe huja na kuondoka? Swali ni la haki. Nyaya za kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, zinaleta umeme Katanga tangu miaka ya 1980, na bado nyumba nyingi za mitaa yetu ya Katuba na Kenya hukaa gizani jioni. Nina majibu mawili. La kwanza, kazi hii haihitaji umeme: ni sindano, uzi, pini na mwanga wa barazani. La pili ni kwamba taa za kuchaji na za sola tulizozikimbilia zina mwanga mweupe unaochoma macho na kumfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Hizo ndizo zinazohitaji nguo kuliko balbu yoyote iliyozitangulia. Tena hazina joto kubwa. Balbu za zamani zilitoa joto kuliko mwanga na ziliweza kuunguza hariri iliyokaribiana nazo. Za LED zimeipunguza sana hatari hiyo, ingawa nafasi kati ya taa na kitambaa bado iachwe.

Adui anayebaki ni vumbi jekundu la kiangazi. Kivuli kipigwe brashi laini kila wiki, kutoka juu kwenda chini, na matamvua yachanwe kwa vidole.

Ombi langu ni kwa walimu wa ushonaji wa Lubumbashi, wale wenye vyumba vya masomo Kenya, Katuba, Ruashi na kwingineko. Wanafunzi wenu tayari wanajua kukata hanamu na kutia bitana. Vipande vya satini na vitenge vinavyobaki chini ya meza zenu vinatosha. Tafuteni fundi wa kuchomelea awatengenezee fremu chache ndogo, zenye mbavu sita tu, na wiki ya kwanza msiwaruhusu kugusa kitambaa. Wawape waya utepe.