Unamsindikiza Nani?

Siku niliyoaibika, sikio langu la kushoto lilikuwa na kipokea sauti kidogo kisicho na waya, nimekificha chini ya mtandio. Simu ilikuwa mfukoni, ikinipigia mapigo 12 ya soleá, moja baada ya jingine, kwa sauti kama ya kijiti kinachogonga ubao. Nilikuwa kwenye darasa la dansi la flamenco mjini Sevilla, mpiga gitaa wa kujaribiwa, na nilikuwa nimejiapiza kwamba siku hiyo sitapotea. Kweli sikupotea. Nilikuwa sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana nikaharibu kila kitu.

Mchezaji mmoja alisogea katikati ya ukumbi, akainua mikono, akaanza kupiga kwa visigino ile ishara iitwayo llamada, yaani mwito. Anamwambia mpiga gitaa: nakuja, jiandae tufunge pamoja. Lakini alikuja taratibu kuliko alivyoanza. Pigo la 8 alilivuta, akalikalia, kisha la 10 akalishusha kwa mguu mmoja kama mtu anayefunga mlango usiku wa manane asitake kuwaamsha watoto. Kijiti sikioni mwangu kilikuwa kimeshapita 12 na kuanza upya. Nikakifuata kijiti. Mwalimu akapiga kofi moja, wote tukasimama. Hakufoka. Aliniuliza tu: "Unamsindikiza nani?"

Nimeishi na swali hilo kwa miaka miwili. Na kwa kuwa jibu la kweli siku ile lilikuwa "naisindikiza simu", sina budi kuanza kwa kuihakiki simu.

Flamenco ni sanaa ya Andalusia, kusini mwa Uhispania: kuimba, gitaa, dansi na makofi. Familia za Wagitano wa miji kama Cádiz, Jerez na mtaa wa Triana wa Sevilla zimeibeba kwa vizazi, na mwaka 2010 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Uti wa mgongo wake ni kitu kinachoitwa compás. Neno hilo hutumika kwa mdundo, kwa mzunguko wa mdundo, na pia kwa uwezo wa mtu kukaa ndani ya mzunguko huo. Mwenye sauti ya mikwaruzo husamehewa, wakati mwingine hata husifiwa. Anayetoka nje ya compás hasamehewi.

Hebu gonga meza nami. Hesabu polepole kuanzia moja hadi kumi na mbili, na utie nguvu kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Hiyo ni soleá. Pima nafasi kati ya mapigo mazito: tatu, tatu, mbili, mbili, mbili. Sasa zungusha haraka sana, uanze kuhesabu kwenye 12 badala ya 1, umeingia mlango wa bulería. Ukianza kwenye 8, nafasi zinakuwa mbili, mbili, tatu, tatu, mbili, na hapo umefika kwenye seguiriya, wimbo wa majonzi mazito. Duara ni lile lile. Kinachobadilika ni mahali pa kuingilia, mwendo, na uchungu au furaha ya anayeimba.

Walimu wengi huchora duara hilo kama uso wa saa. Kwa mtoto wa Mombasa hapo ndipo balaa linapoanzia. Mshale mfupi ukielekea juu kabisa, mimi nasoma saa sita. Mwalimu akiita "doce", yaani kumi na mbili, jicho langu linaona kumi na mbili lakini kichwa kinasema sita, na kidole kinaangukia upande wa pili wa saa. Nilikuwa nusu duara nje ya watu wote, kwa uhakika wa mtu aliyelelewa kuamini kwamba siku huanza jua likichomoza. Tena kuna hesabu yenyewe. "Kumi na mbili" ni silabi tano. Katika bulería ya mapigo 240 kwa dakika, duara zima la 12 linachukua sekunde 3, na kila pigo lina robo ya sekunde. Jaribu kutamka "kumi na mbili" ndani ya robo ya sekunde! Wenyeji nao, wafikapo 11 na 12, mara nyingi husema tu "un, dos". Nami nikajifunza kurudi kwenye "moja, mbili" zangu.

Kwa hiyo nilihitaji msaada, na msaada uliopatikana kwa bei ya mwanafunzi ulikuwa ndani ya simu. Nimetumia programu nyingi. Kwa tabia, naweza kuzigawa katika makundi matatu.

La kwanza ni metronomu za kawaida, wajukuu wa kile kisanduku cha mbao ambacho Maelzel alikipatia hataza mwaka 1815. Hizi ziliumbwa na muziki ambamo pigo la kwanza ndilo mwenye nyumba. Ukiziambia mapigo 12, zinagonga kengele kwenye 1. Lakini katika soleá pigo la 1 halina cheo. Ni hatua ya kwanza ya mtu anayetoka kwake, na uzito uko mbele, kule anakokwenda. Baada ya mwezi mmoja na kengele ile, gitaa langu lilikuwa kama mtu anayesoma Kiswahili akitia mkazo kwenye silabi ya kwanza ya kila neno. Maneno yote ni sahihi, na bado wenye lugha wanakunja uso.

Kundi la pili zimetengenezwa kwa ajili ya flamenco. Unachagua soleá, bulería, tangos au seguiriya, na duara la saa linawaka namba kwa namba. Kwa anayeanza ni neema. Mimi nilielewa kwa nini seguiriya inachechemea siku nilipoiona ikizunguka kwenye kioo, jambo ambalo maelezo ya wiki nzima yalishindwa kulifanya. Tatizo ni jicho. Niliijua compás kama ninavyoijua barabara ninayopita nikifuata ramani ya simu: nafika, lakini sijui nimepita wapi. Kioo kilipozimika ili kuokoa betri, na mdundo ulizimika.

Kundi la tatu zina makofi ya watu waliorekodiwa, na wakati mwingine cajón, lile sanduku linalokaliwa na kupigwa kwa viganja. Hizi ndizo nzuri kuliko zote, na hatari kuliko zote. Unasikia palmas sordas, makofi ya viganja vilivyokunjwa, mazito kama mlango wa mbao. Unasikia makofi makali ya vidole juu ya kiganja. Unasikia mmoja akijibu katikati ya mapigo ya mwenzake. Chumba chako cha kupanga kinajaa watu. Nilizipenda kiasi cha kuacha kwenda darasani kwa wiki kadhaa. Ila watu wale walipiga makofi siku moja, na tangu siku hiyo wanarudia yale yale. Mpiga makofi wa kweli hushusha mkono mwimbaji anapoingia, huongeza moto mchezaji anapokaribia kufunga, na hunyamaza pigo moja kwa makusudi ili ukimya wenyewe upige. Hawa wa simuni hawakuoni. Ukikosea, wanaendelea. Ukifanya jambo la ajabu, wanaendelea vile vile.

Niongeze onyo la kifundi: vipokea sauti visivyo na waya huchelewesha sauti. Ucheleweshaji wa sehemu moja ya kumi ya sekunde hauonekani ukisikiliza hotuba. Lakini kwenye bulería ambayo pigo lake ni robo ya sekunde, hiyo ni karibu nusu ya pigo. Tumia waya.

Lakini kasoro kubwa ni ya makundi yote matatu, na haitatibiwa na toleo jipya. Programu inahesabu, haisikilizi. Sisi tuliofundishwa ushairi wa vina na mizani tunaifahamu tofauti hii vizuri. Naweza kukuandikia ubeti wenye mizani 16 kila mshororo, vina vimepangwa, hakuna silabi iliyozidi, na ukawa maiti. Mizani ni sharti la kuingia nyumbani, si mazungumzo ya sebuleni. Katika soleá mpiga gitaa anaweka mapigo yake, mwimbaji anaingia, anashikilia neno moja hadi koo linatetemeka, na gitaa linamngoja. Kungoja kule hakumo kwenye mashine yoyote niliyowahi kuigusa. Na ziko nyimbo, kama malagueña na taranta, ambazo kwa kawaida huimbwa bila mdundo uliofungwa. Humo metronomu haina hata pa kukaa.

Ningeweza kuishia hapa, na wale wanaosema "compás iko kwenye damu" wangenishangilia. Sitaki shangwe zao. Nimelisikia neno hilo la damu mara nyingi, na kila mara aliyelisema alikuwa akiniangalia mimi. Waswahili tumesema mcheza kwao hutunzwa, na ni kweli; mtoto aliyezaliwa mtaa wa Santiago kule Jerez amesikia bulería kabla hajajua kutembea. Lakini kilichomfunza si damu. Ni saa elfu kadhaa za kukaa chini ya meza huku wakubwa wakigonga juu yake. Mimi sikuwa na meza hiyo. Nilikuwa na simu. Anayedharau simu aniambie kwanza mgeni asiye na shangazi Jerez aende wapi usiku, darasa likishafungwa.

Tena historia yenyewe haimsaidii mlinzi wa usafi. Cajón inayosikika leo karibu kila jukwaa la flamenco ilitoka Peru, ilikobuniwa na Waafrika na vizazi vyao waliofikishwa huko utumwani, na ni Paco de Lucía aliyeiingiza kwenye flamenco mwishoni mwa miaka ya 1970. Chombo cha kigeni kilikaribishwa kwa sababu kilikaa chini na kusikiliza. Kwa hiyo sishtaki ugeni wa simu. Naishtaki pale inapokaa sehemu ya mtu.

Desemba iliyofuata nilikwenda Jerez. Mwezi huo wote mji unakuwa na zambomba, mikusanyiko ya kuimba nyimbo za Krismasi katika nyua na baa, nyingi zikiwa kwa mwendo wa bulería. Nilisimama ukutani, simu mfukoni, imezimwa. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameketi karibu nami akigonga meza kwa vifundo vya vidole. Nilijaribu kuhesabu, nikapotea, nikaanza tena, nikapotea. Kisha nikachoka kuhesabu, na mwili ukakumbuka jambo jingine kabisa: harusi za utotoni, upande wa kina mama, chakacha, kiuno kikigawa mapigo sita mara kwa mbili mara kwa tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba huko ni kugawa. Mguu wangu ulianza kwenda. Yule mama hakuinua uso, ila alisogeza gilasi yake kando, nafasi ya mkono wangu ikapatikana mezani.

Usiku ule nilimpigia shangazi yangu Mombasa, nikamweleza habari za 12 na 3 na 10. Alisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Mwanangu, wewe mpaka umalize kuhesabu, bi harusi ashatoka."

Sijaifuta programu. Bado naifungua kila asubuhi, lakini nimeigeuza. Kwanza naiacha ipige mapigo yote 12 hadi vidole vipate joto. Kisha naizima pigo baada ya pigo, mpaka inabaki inapiga 12 na 6 tu. Kisha 12 peke yake. Mwisho naiweka inyamaze mizunguko miwili mizima na kurudi ghafla, nione kama tutakutana. Tukikutana, nimeibeba compás mwenyewe kwa muda huo mfupi. Tukikosana, najua nilikimbia wapi. Hapo simu ni mwalimu mzuri kabisa: inanipima kisha inaondoka.

Nilirudi kwenye darasa lile bila kipokea sauti. Mchezaji alikuwa mwingine, soleá ile ile. Alipoita, alivuta pigo la 8, na nikaona bega lake likishuka kabla mguu haujashuka. Nikangoja bega. Tukafika kwenye 10 pamoja, nadhani kwa kuchelewa kidogo. Mwalimu hakusema lolote. Aliendelea kupiga makofi, na darasa likaendelea.