Majimaji ya Kongosho: Yatolewe Ubavuni au Tumboni?

Kongosho likikatwa, kisiki chake huvuja kwa urahisi. Juisi yake husaga protini, na nyama iliyoshikilia nyuzi za mshono imejaa protini. Mkia ukiondolewa, mara nyingi pamoja na wengu, majimaji huweza kujikusanya nyuma ya tumbo la chakula. Mgonjwa huweza kupata homa na kushindwa kula. Zamani angepasuliwa tena.

Siku hizi wengi hupitishiwa mrija ubavuni. Mtaalamu wa radiolojia, akiongozwa na altrasaundi au CT skani, huchoma sindano, hupitisha waya, kisha mrija wenye unene wa milimita 4 hivi. Ganzi ya ngozi hutosha mara nyingi. Adha huja baadaye: mrija huziba usiposafishwa kwa maji ya chumvi, mgonjwa hutembea na mfuko kwa wiki kadhaa, na kisiki kisipokauka tundu la mrija hugeuka fistula, yaani njia ya kudumu ya kuvuja.

Njia ya pili haitoboi ngozi. Endoskopi yenye altrasaundi nchani humezeshwa mgonjwa aliyelazwa usingizi. Daktari huyaona majimaji ng'ambo ya ukuta wa tumbo, huhakikisha hakuna mshipa wa damu katikati, huchoma sindano ya geji 19, hupanua tundu, kisha huacha stenti, kibomba kinachoweka tundu wazi. Juisi huingia tumboni, ambako haina madhara. Stenti pana ya chuma hupitisha hata usaha mzito, ila isikae zaidi ya wiki 4 hivi: uwazi uliokuwa na majimaji ukisinyaa, ukingo wa stenti huweza kukwaruza mshipa wa damu.

Sharti ni kwamba majimaji yasiwe mbali na ukuta wa tumbo zaidi ya sentimita 1. Baada ya upasuaji wa Whipple, unaoondoa kichwa cha kongosho, mara nyingi majimaji hukaa upande wa ini, mbali na ukuta huo, kwa hiyo njia ya ubavuni kwa kawaida hushinda.

Tafiti nyingi zinazolinganisha njia hizi zilipekua mafaili ya nyuma, na mafanikio ya njia zote mbili hukaribiana. Sizipi uzito mkubwa. Sababu ni kwamba mgonjwa mahututi hupelekwa kwenye njia ya haraka, ya ubavuni. Mwenye majimaji yaliyokaa pazuri hupewa endoskopi. Hapo kinachopimwa ni uteuzi wa wagonjwa pia. Kwa kisiki cha mkia, mimi ningechagua tumboni, pale alipo mjuzi wa kazi hiyo.

Njia yoyote ile, damu ikionekana kwenye mrija, hata kidogo, mishipa ipigwe CT skani kwanza. Juisi ya kongosho huila pia.