Mwamba Ngoma

Mwaka 2013, Judy Carman na wenzake walitoa taarifa ya jaribio lililofanywa Marekani. Nguruwe 168 waligawanywa makundi mawili sawa: la kwanza likalishwa mahindi na soya za mbegu zilizobadilishwa vinasaba, la pili mahindi na soya za kawaida, kwa muda wa miezi mitano hivi. Walipochinjwa, uvimbe mkali wa tumbo ulionekana katika asilimia 32 ya kundi la kwanza, na asilimia 12 ya la pili.

Wapinzani wa mbegu hizo waliishika hesabu hiyo kama ngao. Lakini jedwali lile lile lina neno jingine: nguruwe wasio na uvimbe wowote walikuwa 8 katika kundi la kwanza, na 4 tu katika la pili. Tena uvimbe ulikadiriwa kwa wekundu ulioonwa kwa macho. Hadubini haikutumiwa kuuthibitisha.

Je, basi swali lenyewe halikufaa kuulizwa? La, lilifaa sana. Jibu ndilo lililokuwa dhaifu. Mwenye kulidharau swali kwa sababu ya jibu naye amekosa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Anayeumia ni mfugaji. Yeye hana maabara. Ana zizi, na ada ya watoto imo zizini humo. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujamshauri, lisome jedwali zima, hata mstari usioupenda.